Tulivyojificha Tusihesabiwe

Mama yangu, Bi Mwatima, alipata kiharusi mwaka juzi. Mguu wake wa kulia ukapooza. Daktari wa mazoezi alitushauri tumpeleke baharini kila siku. Maji yangembeba uzito wake, naye angeweza kunyanyua mguu bila kuogopa kuanguka.

Basi kila siku baada ya sala ya Alfajiri tulitoka nyumbani kwetu Mji Mkongwe, mkono wake begani kwangu. Tukishavuka barabara ya pwani, tumefika. Hatua ishirini hazitimii. Ng'ambo tuliwakuta wanawake wenzetu, kumi, siku nyingine hata ishirini. Kuna wanaoumwa magoti, kuna wanaoumwa viuno, na kuna waliokuja kwa porojo tu. Tuliingia majini na kanga zetu. Wanaume wa mtaani wanajua kuwa saa hizo pwani ile si yao. Jua likichomoza vizuri, sisi tumeshaondoka.

Asubuhi moja tuliwakuta wenzetu wamesita upande wetu, bado hawajavuka: bwana mmoja amesimama kando ya barabara. Amevaa koti la kung'aa, na mkononi ana karatasi na kalamu. Anatutazama, kalamu tayari.

"Tukivuka tu atatuandika huyu," nilisema.

"Ya nini?" aliuliza Bi Saadiya, fundi cherehani, jirani yetu.

"Nnajuaje? Labda wanataka kutukataza kuoga. Na sisi tukitoka majini kanga zimeturowa, mwanamme mzima anatutia daftarini! Astaghfirullah! Turudini majumbani, tukae mpaka aondoke."

Wote walinisikiliza. Mimi nikisema jambo nalisema kwa nguvu, hata kama silijui. Tulirudi pale pale, na siku mbili zilizofuata hatukutoka. Siku ya nne yule bwana hakuwepo, nasi tukarejea baharini, tukijiona wajanja.

Miezi ikapita. Sheha, kiongozi wa mtaa wetu, akabandika tangazo. Barabara ya pwani itajengwa upya, na wadau wote wanakaribishwa kutoa maoni. Nililisoma, nikalipita.

"Wadau ni wenye magari," nilimwambia mama. "Sisi hata baiskeli hatuna."

Wiki ile ile tukasikia hodi mlangoni.

"Karibu!"

Aliingia mwanamke wa miaka thelathini hivi, amekumbatia karatasi kubwa iliyokunjwa.

"Shikamoo, bibi. Mie naitwa Salhiya, nafanya kazi kwenye mradi wa barabara. Nnapita nyumba kwa nyumba kuonesha mchoro."

"Marahaba, mwanangu. Kaa kitako."

Salhiya aliutandaza mchoro juu ya mkeka. Alituonesha nyumba yetu, kisha bahari. Katikati ya barabara palikuwa na mstari mrefu mweusi.

"Huu nini?" niliuliza.

"Kizuizi cha kati. Ni ukuta mfupi. Unatenga magari yanayokwenda na yanayorudi, yasigongane."

"Na sisi tutavukia wapi?"

"Kwenye kivuko. Kile pale." Kidole chake kilikwenda mbali, karibu na ukingo wa karatasi. "Mita mia nne kutoka hapa."

Mama aliushika mguu wake. Kutoka kitandani mpaka mlangoni tu alikuwa akipumzika mara mbili.

"Basi bahari nshaikosa," alisema taratibu.

Moyo uliniuma, na mimi moyo ukiniuma huwa nagomba. "Nani kawaambia hapa hapavukwi? Sisi twavuka kila siku!"

Salhiya alifungua faili lake. "Tulifanya hesabu ya wapita njia siku tatu, tokea alfajiri mpaka jioni. Mtu akivuka anatiwa kijistari. Vijistari vikiwa vingi, pale ndipo panapowekwa kivuko. Hapa kwenu asubuhi pameandikwa sifuri. Siku zote tatu."

Masikio yaliniwaka moto. Nilitamani mkeka unimeze. Sikuwa na budi kusema kweli, nikaeleza yote, ya bwana wa koti na ya kujificha. Mama alinitazama, kisha akacheka mpaka akafuta machozi.

"Zuleikha! Umeniponza, mwanangu!"

Salhiya naye alicheka, lakini hakunicheka mimi. "Yule haandiki majina wala haandiki nguo, dada. Anahesabu miguu tu. Na mdau si mwenye gari peke yake. Ni kila anayeitumia barabara. Anayekwenda kwa miguu ndiye wa kufikiriwa mwanzo, kwa sababu gari likimgonga, yeye ndiye anayeumia."

"Sasa tumeshachelewa?"

"Bado. Huu ni mchoro wa awali, unaweza kubadilishwa. Zimebaki siku kumi na mbili za kutoa maoni. Andikeni barua. Semeni mnavukia wapi, saa ngapi, wangapi, na kwa nini. Nami nitaomba tuhesabu upya. Safari hii nitakuja mimi, mwanamke mwenzenu."

Barua niliiandika mimi, maana kosa lilikuwa langu. Bi Saadiya aliipeleka kwa wenzetu wote watie saini. Asubuhi ya hesabu walitoka hata wale waliokuwa hawajaonekana tangu Ramadhani. Salhiya alitia vijistari thelathini na kimoja.

Siku ya mkutano wa kutoa maoni mama alitaka aseme mwenyewe. Mhandisi mmoja alikuwa ameeleza kuwa kivuko kingine kitayachelewesha magari. Mama alisimama, kaniegemea.

"Mwanangu," alimwambia, "gari likichelewa linafika. Mimi nisipovuka, siendi."

Mhandisi aliandika kitu, halafu akauliza kwa adabu: "Bibi, ukivuka unapumzika wapi?"

"Sina pa kupumzika. Napiga dua tu."

Mchoro wa mwisho ulipobandikwa kwa sheha, tuliukimbilia. Kivuko kilikuwa mbele ya uchochoro wetu. Kizuizi kiliachwa wazi hapo, na katikati paliwekwa kisiwa cha usalama, yaani pahala palipoinuliwa. Unavuka nusu, unasimama salama, kisha unamalizia. Na badala ya ngazi za kushukia pwani, palichorwa mteremko wenye chuma cha kushikia. Bi Saadiya alipiga vigelegele pale pale ofisini.

Kazi ilikamilika mwaka uliofuata. Mwanzo nilimshika mama mkono kama zamani. Ijumaa moja nilisali, nikajilaza kidogo, usingizi ukanichukua. Nilipozinduka, kitanda cha mama kilikuwa kitupu.

Nilitoka mbio pekupeku mpaka barabarani. Nilimwona. Alikuwa amesimama kwenye kisiwa cha usalama, peke yake, anavuta pumzi. Gari lilisimama. Mama alimpungia dereva mkono, akavuka nusu iliyobaki, mguu wa kulia ukiburuta kidogo tu. Akakishika kile chuma, akateremka kwa wenzake.

Sikumwita. Nilikaa ukingoni mwa barabara, nikalia kwa furaha. Nilimshukuru Mungu, nikamuombea Salhiya kheri za dunia na akhera. Kisha nikarudi nyumbani kumpikia mama uji, maana asubuhi ile hakunihitaji.