Nilimuuza Marehemu kwa Tuzo Isiyo na Jina Langu

Nina miaka hamsini na mbili, mjane, mkazi wa Chapwa hapa Tunduma. Naandika haya nikiwa na hasira, na sitajifanya mpole ili mnipende. Mkinisoma hadi mwisho mtaona kwamba sehemu kubwa ya hasira hiyo ni yangu kwa nafsi yangu.

Kwa miaka kumi na moja mimi na rafiki yangu Tabitha tulikuwa tukiosha maiti za wanawake. Hatukuajiriwa na mtu. Ukifiwa unatuita, tunakuja na glovu, sabuni na pamba, wanawake wanashika vitenge kuzunguka kitanda, nasi tunamwosha marehemu na kumvika. Tuliosha majirani, tukaosha na wasafiri waliofia hapa mpakani bila ndugu wa kuwalilia... Hatukuwahi kudai hata nauli.

Kazi hii ina sharti moja tu, na kila mwanamke wa hapa analijua hata kama hajawahi kugusa maiti. Ulichokiona kwenye mwili wa marehemu hukisemi. Humwambii mumeo, humwambii mchungaji. Ndiyo maana watu wanakufungulia chumba ambacho hata ndugu wengine hawaingii.

Sharti hilo nililivunja mimi.

Mwaka jana klabu moja ya kuhudumia jamii, ya wafanyabiashara na wakubwa wa ofisi wanaovaa vizibao vya rangi moja, ilitangaza kutoa tuzo kwa watu wanaojitolea. Mmoja wao alikuwa mteja wa Tabitha, ambaye anauza vitenge vya kutoka Zambia. Akamletea fomu. Tabitha hakusoma sana, hivyo akanifuata mimi niliyefika kidato cha nne.

Fomu ilikuwa na nafasi ya jina moja. Tabitha akasema, "Andika langu, maana imeletwa kwangu. Wakiita tunapanda wote wawili, dada." Nikaandika. Mjinga mimi!

Swali la mwisho lilitaka kisa kimoja cha kugusa moyo, tena kwa undani. Nilikuwa na visa vingi kichwani. Nikamchagua mama Neema.

Mama Neema alikuwa mjane mwenzangu, mtaa wa pili kutoka kwangu. Kiharusi kilimlaza kitandani miaka miwili. Aliyemuuguza ni binti yake Neema, peke yake, kwa sababu kaka mtu alikuwa na biashara zake Nakonde, ng'ambo ya mpaka, anakuja Pasaka na kuondoka. Neema alimlisha mama yake, akamkanda, akamgeuza kila baada ya saa chache. Hata hivyo vidonda vya mgongoni vilitokea, maana mwili ukilala miaka miwili huchoka kulala. Siku tulipomwosha niliviona. Vilikuwa vimesafishwa na kufungwa kwa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi. Kilichopigwa pasi, jamani!

Nami niliandika nini? Niliandika kwamba tulimkuta mama mmoja wa Chapwa aliyekufa kwa kiharusi, mgongo umeoza hadi mfupa unaonekana, na "hakuna mwanawe hata mmoja aliyemgeuza". Jina sikulitaja, nikajiambia kwamba bila jina si kosa. Lakini maneno yale ya mwisho nilijua ni uongo wakati nayaandika... Nilitaka tu wale wakubwa walie.

Na kweli walilia.

Sherehe ilifanyika ukumbini, Jumamosi mchana. Kwanza walitunukiana wenyewe. Mwenyekiti akampa makamu, makamu akampa mwenyekiti, katibu akapata yake kwa kuwa katibu mzuri! Nimezika watu mji huu miaka mingi, na sikuwahi kumwona hata mmoja wao ameshika koleo makaburini. Kisha mshereheshaji akamwita Tabitha kwa jina la "Mama wa Huruma", akakisoma kisa changu chote kwenye kipaza sauti, neno kwa neno.

Tabitha alipanda peke yake. Nilikuwa nimeshanyanyuka kitini, nimevuta kitenge changu vizuri, nasubiri aniite... Akamshukuru Mungu, akamshukuru mwenyekiti, akawashukuru wateja wake, akashuka na tuzo yake ya kioo. Na hapa ndipo penye aibu yangu kubwa kuliko zote, maana hasira yangu ya kwanza ilikuwa ya kile kioo. Nilikuwa nimesahau kabisa nani alikuwa anapika siku ile.

Mpishi alikuwa Neema. Tangu mama yake afariki aliishi kwa kupika kwenye shughuli za watu, na mimi ndiye niliyempendekeza kwa klabu, huku nikijiona mwema. Nilipogeuka nilimwona amesimama nyuma ya meza ya chakula na upawa mkononi. Hakulia. Aliuweka upawa juu ya mfuniko, akavua aproni, akatoka kwa mlango wa jikoni. Watu wakajipakulia pilau wenyewe.

Kumbe mtu alikuwa amerekodi. Haikupita wiki, kaka mtu akavuka mpaka na video kwenye simu yake. Jina la nini, wakati Chapwa nzima inajua ni mama gani alikufa kwa kiharusi? Baada ya msiba ukoo ulikubaliana kwamba Neema abaki na nyumba ya mama, kwa kuwa ndiye aliyemuuguza. Sasa kaka akaitisha kikao kipya. Yeye ambaye hakuwahi kumbadilishia mama yake hata shuka! Akasema dada yake alimwacha mzazi wao aoze, basi nyumba hastahili.

Nilikwenda kwenye kikao hicho. Nilipiga magoti mbele ya wazee wa ukoo nikaeleza ukweli wote, pamoja na kile kitambaa.

"Bamayo, mama yetu, hebu tusaidie," kaka mtu akaniuliza kwa lafudhi yake ya Nakonde. "Uliongopa ulipoandika, au unaongopa sasa?"

"Niliongopa nilipoandika, mwanangu."

"Haya, wazee mmesikia. Amekiri mwenyewe kwamba ni mwongo."

Wazee wakasema watamsikiliza shahidi wa pili aliyeuona mwili. Nilikimbia hadi dukani kwa Tabitha. Nikamsihi aje aseme neno moja tu, kwamba mgongo wa marehemu ulitunzwa. Mnajua alinijibu nini? "Dada, nikisema kisa kile ni uongo, si wataninyang'anya? Na picha yangu imeshasambaa kote!" Kile kioo alikuwa amekiweka kaunta, wateja wakione. Alikichagua hicho, akamwacha Neema apoteze nyumba! Nilimtukana matusi ambayo sikujua kama nayajua, mbele ya wateja wake, na sijutii hata moja.

Kwa viongozi wa klabu pia nilikwenda. Wakaniambia niandike barua, watakaa waijadili. Niliiandika, na mpaka leo sijajibiwa.

Shahidi wa pili alipokosekana, wazee wakampa kaka mtu nyumba, na Neema akapewa siku saba kutoka. Akahamia kwa mama yake mdogo karibu na Mbozi Mission, ambako anafanya vibarua vya kahawa. Mimi na Tabitha hatuitwi na mtu tena. Watu wanaosha maiti zao wenyewe, wakilia na kubabaika, na siwezi kuwalaumu.

Mwezi uliopita nilikwenda Mbozi kumwangukia. Nilimkuta anachambua kahawa kwenye kichanja. Alinisalimia kwa heshima zote, "Shikamoo mama", akaniletea kigoda na maji ya kunywa. Niliomba msamaha, nikalia mpaka maneno yakaniishia. Aliniacha nimalize.

"Nimekusamehe, mama," akasema, huku mikono yake ikiendelea kuchambua. "Ila siku nikifa mimi, usinioshe."

Ndugu zangu mnaouguza, mnaoosha, mnaozika bila malipo, nawasihi msipite nilikopita. Watakuja na fomu zao na kuwaomba kisa cha kugusa moyo. Msiwape! Wakitaka kulia, wapeni ndoo na glovu, waje waone wenyewe. Mwacheni marehemu na mgongo wake.