Usukani wa Gari la Kaka

Ubaya wa gari lile ulikuwa huu: kwenye mashimo lilitulia, kwenye lami laini likatetemeka. Likifika mwendo wa sitini, usukani ulicheza kama mkono wa mtu anayekataa kushikwa, na haukukoma mpaka gari lisimame kabisa.

Lilikuwa gari la porini la zamani, la mabati ya kijani. Kaka mtu, aliyeacha ufundi tangu mgongo umkatae, alilileta mwenyewe asubuhi gereji kwa mdogo wake, fundi.

"Mpe fundi mwingine, kaka. Nina magari matatu yananingoja."

"Fundi mwingine?" Kaka alicheka. "Mimi ndiye niliyekufundisha kushika spana, leo unanifukuza? Lifungue wewe. Mkono wa mtu baki siuamini."

Fundi aliinama kuficha furaha. Kaka yake hakuwa mtu wa kusifu.

Alisawazisha magurudumu, akabadilisha ncha za tairodi, akalijaribu barabarani. Likatetemeka vilevile. Hapo wengi hufunga shokabu mpya ya usukani, wakapokea shukrani. Yeye alijua kwamba shokabu huuficha ugonjwa tu, haiuponyi. Aliing'oa iliyokuwapo ubaya ujitokeze, akalipandisha gari juu ya jeki, akavua gurudumu la kushoto, akaingia uvunguni, kiganja juu ya kiungo kimoja baada ya kingine, apate kuhisi palipolegea. Kaka alikuwa ameketi kwenye kiti cha dereva.

"Kaka, chezesha usukani. Kulia, kushoto, polepole."

Usukani ukacheza. Viungo vyote vilikuwa vimekaza, isipokuwa pale kushoto, kwenye beringi inayobeba mhimili wa gurudumu. Hapo kitu kilibonyea, na kilikuwa na joto.

"Inatosha, kaka."

Usukani ukatulia. Fundi alilegeza boliti nne, akainua kifuniko. Pakanuka nywele zilizoungua. Mahali pa zile bati nyembamba zinazokaza beringi palikuwa na kipande cha ngozi kilichokunjwa, hakina hata tone la grisi. Alikikunjua. Ndani mliandikwa jina lake, si lile la utani analoitwa na wateja, bali lile la kuzaliwa, lote, likifuatwa na jina la marehemu mama yao. Mwandiko ulikuwa wa wima, wa kaka yake, aliyekuwa akimsahihishia madaftari utotoni.

"Kaka," alinong'ona, "jina langu limefuata nini humu?"

"Usinisemeshe, mdogo wangu."

Sauti haikutoka kwenye kiti. Ilitoka mbali, langoni.

Na juu ya kichwa chake usukani ukaanza tena kucheza, kulia, kushoto, bila haraka, na ule mtetemo ukashuka kwenye mhimili, ukaingia katika vidole vyake vilivyoshika ngozi, ukampanda kiwiko na bega mpaka kwenye meno, naye akijaribu kuitupa ile ngozi, nayo haitupiki, imemganda kiganjani kama ngozi yake mwenyewe, huku kiti cha dereva kikilia kwa uzito wa mtu anayejiweka sawa.

"Umenifanya nini?"

"Jini alitaka mtu wa damu yangu," kaka alisema kwa sauti ya chini, "afungue kwa mikono yake, kwa hiari, ndipo aniache mimi, ahamie kwake. Mwaka mzima anakaa kitandani pangu. Nina watoto wanne. Wewe huna hata mmoja. Ungefanyaje?"

"Ningekuja kwako," alisema fundi. "Ningekwambia."

Komeo la lango likasukumwa kwa nje, na kufuli likabanwa. Fundi alisikia kaka yake akilia kidogo, akipenga kamasi. Halafu zikaja nyayo zake, zikienda zake barabarani. Hazikuwa nyayo za mtu anayekimbia. Zilikuwa za mtu aliyetua mzigo.

Mlango wa gari ukafunguka.