Benchi la Chini ya Ngazi

Kitasa cha mlango wa jikoni kilikuwa kimelowa, na kilikuwa kimelowa upande wa ndani. Ketura Maule alikifuta kwa aproni yake, akayatazama matope yaliyobaki kwenye kitambaa, akayanusa. Yalikuwa matope ya mtoni, na mto ulikuwa mwendo wa saa mbili kwa farasi kutoka pale.

"Lavinia," aliita kwa sauti ya chini, "ulitoka nje asubuhi?"

"Nitoke niende wapi, bibi? Nikamsalimie sherifu?"

"Nimekwambia mimi si bibi yako. Niite Ketura."

"Mdomo haujazoea. Nipe wiki moja."

Lavinia alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na jiko, mtoto mapajani. Siku nne nyuma alikuwa amevuka mto kwa miguu, juu ya barafu, kutoka Kentaki walikokuwa wakimwita mali ya mtu hadi huku Ohayo, na kitoto chake cha miezi minane amekifunga kifuani. Kilikuwa kitoto cha kike, Delfi. Tangu siku ile Delfi hakulia hata mara moja. Nywele zake zilikuwa zimelowa. Wakizikausha kwa taulo, baada ya muda mfupi zinachuruzika tena, na mwili unazidi kuwa baridi. Daktari wa pale kijijini, mtu wa kuaminika, alimpima akasema mapafu hayana kitu, akaondoka akikuna kichwa.

Sasa huyu Ketura, mjue mapema, hakuwa mtu wa kutishika. Alikuwa mjane, mtengeneza jibini, na mmoja wa Marafiki, wale watu wanaoabudu kwa kukaa kimya, ambao hawamwiti mtu bwana wala mheshimiwa, hata jaji wanamwita kwa jina alilopewa na mama yake. Sheria ilisema anayemficha mtoro atafungwa jela. Tangazo la sheria hiyo lilipobandikwa nje ya posta, Ketura alilibandua mchana kweupe, watu wanamwona, akaenda nalo nyumbani kufungia jibini. Chai yake alitia asali miaka ishirini, maana sukari ya dukani ilikuwa jasho la watumwa. Mwanamke wa namna hiyo akikuta matope kwenye kitasa chake anataka kujua ya nani.

"Ni yake," Lavinia alisema, naye hakuinua macho. "Huyo wa mtoni."

"Yupi?"

"Crome, mkamata watoro. Alinifuata juu ya barafu akanishika gauni, na barafu ikapasuka chini yake, chini yangu haikupasuka. Maji yalipomfika kidevuni akaniambia, 'Popote watakapokuweka, nami nitakaa.' Halafu akazama. Tangu usiku ule nasikia buti zake."

Ketura alitaka kusema kwamba maiti hatembei. Kabla hajasema, kigoda cha pili, kile kilichokuwa kitupu upande wa pili wa jiko, kililalamika kama vinavyolalamika vigoda mtu mzito anapokaa, na harufu ya mbwa aliyelowa ikajaa jikoni. Ketura hakuwa na mbwa. Maji yakaanza kudondoka kutoka kwenye kigoda, tone, tone, hadi sakafuni.

"Umeona," Lavinia alinong'ona. "Anakuja kukaa na mimi."

"Na mtoto?"

"Mtoto ndiye anayemvuta. Anataka arudi na kitu."

Wazungu hawa hawakuwa na jina la kitu kama hicho. Sisi tungesema jini, tukamwita mtu wa kusoma. Wao walimwita Amos Yarnall, shemeji yake Ketura na mzee wa mkutano wa Marafiki. Alikuja mchana huohuo, kofia kichwani, maana wale hawavuliani kofia. Alisimama jikoni, akasikia buti zikizunguka meza, polepole, zikifyonza maji kila hatua, na uso wake ukawa mweupe kuliko ulivyozaliwa.

"Mleteni mkutanoni Siku ya Kwanza," alisema, maana ndivyo wanavyoiita Jumapili. "Kimya chetu hakijawahi kushindwa na kitu."

"Siku ya Kwanza ni keshokutwa, Amos. Mtoto huyu atafika keshokutwa?"

Amos alimgusa Delfi shavuni, akaurudisha mkono wake haraka. "Mwombeeni afike," alisema.

Alifika, lakini kwa shida. Siku ya Kwanza asubuhi, jua likiwaka juu ya theluji, walimlaza Lavinia na mtoto chini ya mablanketi kwenye gari la kuteleza, wakaweka na madumu ya maziwa juu kwa ajili ya macho ya watu. Delfi alikuwa anavuta pumzi moja, anangoja, halafu nyingine. Lavinia alikuwa akizihesabu njia nzima, na kila ilipochelewa alimfinya mtoto kisigino.

Nyumba ya mkutano haikuwa na mimbari wala picha, mabenchi matupu tu. Wanawake upande huu, wanaume upande ule, na mbele kabisa, juu kidogo, mabenchi ya wazee yakiwatazama wengine wote. Lavinia alisimama mlangoni na mtoto begani.

"Nakaa wapi?" aliuliza.

"Pale nyuma, chini ya ngazi," Amos alisema kwa upole. "Ndipo wanapokaa watu wenu."

Lavinia alilitazama lile benchi. Lilikuwa peke yake gizani, limetengwa na mengine kwa hatua kumi. Hakuna mtu pale aliyewahi kuliona baya. Lilikuwepo tangu nyumba ijengwe, na Amos mwenyewe ndiye aliyelichonga alipokuwa kijana, kwa mbao nzuri za mwaloni.

"Niliambiwa watu wangu huku ni Marafiki," alisema. Akaenda akakaa.

Wakanyamaza. Mwanzoni kilikuwa kile kimya chao cha kila wiki, mtu akikohoa, benchi likilia, kuni zikipasuka kwenye jiko la kupashia joto. Kisha ukaja ubaridi kutoka chini ya mlango, na harufu ya mbwa aliyelowa, na buti, fyo, fyo, fyo, zikipita katikati ya wanaume na wanawake, na watu sitini wakaziona nyayo za maji zikijichora sakafuni moja baada ya nyingine pasipo miguu, zikipita karibu na Amos asiinuke, zikipita karibu na Ketura, zikigeuka kuelekea nyuma, kuelekea gizani chini ya ngazi, na hakuna aliyefumbua kinywa kwa sababu walikuwa wamefundishwa tangu utotoni kwamba kimya ndicho ngao yao, na waliendelea kukaa kimya hata waliposikia mbao za mwaloni zikiitikia uzito wa mtu wa pili karibu na Lavinia, hata walipoona maji yakianza kutiririka kutoka kwenye nywele za mtoto kama bomba lililoachwa wazi.

Hapo sauti ikasema, ya mtu mwenye maji kooni, wala haikuwa na hasira. "Ahsanteni. Sikupata tabu kumpata. Nyinyi wenyewe mmemwekea mahali pake, na pangu pembeni yake."

Lavinia alisema kwa sauti ndogo sana, "Havuti tena. Ketura, mtoto havuti pumzi."

Ketura alisimama. Marafiki huruhusiwa kusema mkutanoni Roho akiwagusa, lakini wazee walisema baadaye kwamba siku ile hawakuwa na hakika kama ni Roho au ni hasira tupu. Mimi nasema ni vyote viwili.

"Nimemlisha huyu mwanamke jikoni siku sita," alisema. "Kwenye kigoda. Meza yangu ina viti vinane, na mimi nakula peke yangu, na sikumwita hata siku moja. Nikajiona mwema. Naona aibu hadi mifupani. Kile kitu hakikuvunja mlango wangu, kilikuta pa kukaa."

Alikwenda hadi chini ya ngazi. Ubaridi ulimkata miguu. "Toka hapa," aliliambia benchi.

"Benchi ni langu," sauti ilisema. "Muulize fundi."

Ketura akamnyooshea Lavinia mkono. Lavinia alikuwa ameinama, akimpulizia mtoto kinywani. Aliinua uso, na machozi yalikuwa yamejaa, ila macho yenyewe yalikuwa makali kwa ghadhabu.

"Usinivute," alisema. "Nimevutwa maisha yangu yote. Nakwenda mwenyewe."

Akainuka. Gauni lake lilibaki nyuma kidogo, limeshikwa na kitu ambacho watu hawakukiona, likanyooka, likachanika, naye hakugeuka. Alitembea hatua zile kumi, akapita mabenchi ya wanawake, akapanda mbele hadi kwenye mabenchi ya wazee. Buti zikamfuata nyuma, upesi sasa, zikirusha maji hadi kwenye magoti ya watu.

"Ketura," Amos alisema, "hapa ni pa wazee."

"Basi sogea, Amos."

Mzee alimtazama yule mama na kitoto chake cha bluu. Akasogea. Wengine wakasogea pia, wakabanana bega kwa bega, nafasi ikawa moja tu kati yao, na Lavinia akaijaza. Buti zikafika mbele ya benchi zikasimama. Zilikwenda kushoto, zikarudi kulia, kama mtu anayetafuta kiti kwenye harusi ambayo hakualikwa.

Lavinia alikaa akiutazama ule ubaridi wenye harufu ya mto.

"Nilikuona ukizama, Crome," alisema. "Uliniomba mkono. Nilikuwa na mkono, nikakunyima, na sijuti. Nilisimama mpaka mapovu yakaisha ndipo nikaondoka. Kama ulikuja nikuombe msamaha, umepoteza safari. Mwanangu huyu hana bwana, wala hana nafasi ya wewe kukaa pembeni yake. Rudi ulikotoka."

Akampiga Delfi mgongoni, kofi moja la mkono wazi. Maji ya mto yakamtoka mtoto kinywani, mengi kuliko yanavyoweza kuenea katika tumbo dogo vile, na matope, na kipande cha barafu. Kisha akalia. Alilia kwa kelele mbaya, ya kukwaruza, na watu wazima waliolelewa kukaa kimya walijikuta wanalia naye. Nyayo za sakafuni zilirudi nyuma, zikapita katikati, zikaishia chini ya ngazi.

"Bado yumo," mtu mmoja alisema. "Kwenye benchi."

Amos akasafisha koo. Akasema ingefaa jambo la benchi lipelekwe kwenye kamati, lijadiliwe kwa sala, na mwezi ujao wakikubaliana wote kwa moyo mmoja...

"Shoka liko wapi?" Lavinia aliuliza.

Liko kwenye kuni, mtu akamwonyesha. Alimkabidhi Ketura mtoto. Alilipiga lile benchi mbele ya wote, katika nyumba ambayo haijawahi kusikia hata wimbo, na katika kila mpasuko mwaloni mkavu wa miaka arobaini ulitoa maji meusi. Pigo la nne Amos alivua koti, akashika upande wa pili.

Lavinia na Delfi walifika Kanada kabla barafu haijayeyuka. Crome hakusikika tena kwa Ketura. Lakini masika ile zilianza kuja barua kutoka nyumba nyingine za Marafiki, Indiana, Pensilvania, hata pwani ya mashariki, zote zikiandikwa kwa aibu na kwa kuzungukazunguka: benchi letu la nyuma limelowa, tukilikausha linalowa tena, na kuna harufu ya mbwa, tufanyeje? Ketura alizijibu zote mezani pake, penye viti vinane ambavyo sasa havikukaa vitupu. Aliwaandikia washike shoka wasingoje kamati, maana kamati itakuwa haijamaliza kikao, na huyo mgeni wao tayari ameketi.