Boliti za Shemeji

Ndugu zangu, naomba mnisikilize kwa utulivu, kwa sababu watu ninaosimulia habari zao bado wako kati yetu na tunasalimiana nao kila siku.

Nyumba ya kinyozi ilikuwa nyumba ya amani. Kila siku ya kliniki alifunga duka lake mapema, akapangusa viti vya gari, akampeleka mama yake kupimwa presha. Gari lenyewe lilikuwa la zamani, lile la kupita porini, linalovuta kwa magurudumu yote manne. Mama alifungua mlango mwenyewe, akaketi mbele na mkoba wake mapajani, na njia nzima akamtania mwanawe kwamba anaendesha kama mtu aliyebeba mayai. Mke wa kinyozi aliwapungia mkono kutoka dirishani. Hawakuwa na makuu.

Kisha muuza matairi wa jirani akainua gari lake, bodi ikakaa juu sana ya magurudumu. Siku alipolileta mbele ya duka la kinyozi, wateja walitoka nje na vitambaa shingoni kulitazama. Mmoja akamgeukia kinyozi na kusema, "Kaka, sasa hilo lako limekuwa toroli."

Watu wakacheka. Kinyozi naye akacheka, lakini maneno yale yalimwingia.

Alikwenda kwa kaka wa mkewe, mkereza chuma, mtu mpole mwenye mashine yake katika kibanda nyuma ya gereji. "Shemeji, nataka kuinua bodi ya gari. Nitengenezee vifaa."

Mkereza alijifuta grisi kwa tambara, akalala chini ya gari na kupima pole pole. Alipotoka akamweleza: kati ya bodi na chesisi, ile fremu ya chini inayobeba gari, watakaza vipande vya chuma vya mviringo, na kwa kuwa boliti za zamani zitakuwa fupi, atakereza nyingine ndefu za chuma kigumu.

"Dukani huzipati kwa urefu huu," alisema. "Lakini tunainua vidole viwili tu, shemeji. Ukizidisha, unavuta usukani na mipira ya breki. Hapo unatafuta balaa."

"Nimekuelewa."

Je, alielewa? Alisikia tu.

Kazi ilipokamilika ilipendeza macho. Boliti zilikuwa na nyuzi safi kiasi kwamba nati iliingia kwa kuzungushwa na vidole. Mkereza alitaka kuzifunga mwenyewe, ila kinyozi akasema ana rafiki wa gereji atakayemsaidia. Wakafunga, gari likapanda. Kinyozi akaliegesha kando ya gari la muuza matairi, akarudi nyuma hatua chache, akatazama. La mwenzake bado lilizidi kidogo.

Kidogo tu, ndugu zangu. Hapo ndipo alipoteleza.

Hakurudi kwa shemeji yake, maana jibu alilijua. Alitafuta vipande vya bomba nene, akaviongeza chini ya vile vya mkereza. Boliti zikawa fupi. Basi akazibeba mpaka mtaa wa mbali, kwa fundi wa kuchomelea mageti, zikatwe katikati na kuungwa na nondo ili zirefuke.

Fundi yule alizigeuzageuza mkononi. "Hizi ni za gari, bwana. Mimi natengeneza mageti. Geti halikimbii barabarani."

"Wewe chomelea," kinyozi akamwambia.

Gari likarudi mtaani refu kupita yote. Mama akawa hawezi tena kupanda mpaka awekewe kigoda na kusukumwa kwa nyuma. "Mwanangu," alisema huku akihema, "leo tunakwenda kliniki au tunakwenda kuangua nazi?" Kinyozi alicheka na kumwambia atazoea.

Hakupata nafasi ya kuzoea. Siku ileile, penye kona yenye mashimo, boliti za mbele zilikatika palepale zilipoungwa. Bodi ikasogea juu ya chesisi, usukani ukagoma, na gari likatumbukia mtaroni. Kinyozi alitoka na michubuko. Mama yake alivunjika nyonga.

Hospitalini, kwenye ukumbi wenye harufu ya dawa ya kusafishia, mkewe alifika pamoja na kaka yake. Mkereza alikuwa bado na ovaroli ya kazi.

"Nini kimekatika?" aliuliza.

"Boliti."

"Boliti zangu?"

Kinyozi alimtazama mkewe aliyekuwa akilia, akautazama mlango ambao mama yake alipitishwa juu ya kitanda cha magurudumu. Kisha akainamisha kichwa. "Ndiyo. Zako."

Neno lile dogo halikuwa uongo mtupu, na huo ndio ubaya wake.

Baadaye mkereza aliomba kuziona zile boliti ili ajue alikosea wapi. Kinyozi alimwambia zimepotelea mtaroni. Ukweli ni kwamba alikuwa ameziokota kabla watu hawajajaa, na aliporudi nyumbani alizitumbukiza chooni.

Kuanzia hapo uongo ukawa unataka kulishwa. Wateja walimuuliza kilichotokea, naye akiwa ameshika wembe akapumua kwa uzito. "Boliti hazikuwa nzuri. Lakini ni shemeji yangu, nitafanya nini?" Mteja akatoka na habari hiyo, akaifikisha sokoni. Waliokuwa wakipeleka vyuma vyao kwa mkereza wakaanza kupita mbele ya kibanda chake bila kugeuza shingo.

Na mkereza, badala ya kukasirika, alikuja. Mama aliporuhusiwa kurudi nyumbani, alikuja kila alasiri kumsalimu kitandani, akimletea ndizi mbivu, akimkanda miguu. Kinyozi alimsikia kutoka nyuma ya pazia.

"Mama, nisamehe. Chuma nilikichagua mwenyewe. Kila siku nafikiria, sioni nilipokosea, lakini nimekosea."

"Nimeshakusamehe, mwanangu. Usijitese."

Kinyozi alisimama pale na birika la chai mkononi. Alijiambia atasema leo. Akaingia, akamiminia mgeni chai, akatoka bila kusema. Mkono wake, ambao watu waliuamini kwenye koo zao, siku moja ukamkata mteja sikio.

Jioni hiyo mkewe alimkuta ameketi uani.

"Baba watoto, kaka anauza mashine."

"Kwa nini?"

"Anasema mikono yake imemvunja mzazi, haiwezi kushika chuma tena. Nenda ukamzuie. Wewe atakusikiliza."

Aliambiwa hivyo, *wewe atakusikiliza*, na hapo moyo wake ukashindwa. Alikwenda. Alimkuta mkereza amepiga magoti, anafungua kwa spana nati zilizoshikilia mashine sakafuni ili mnunuzi aje kuichukua.

"Acha, shemeji. Boliti zako hazikukatika."

Mkereza hakuinua kichwa. "Usinifariji."

"Nilizikata mimi. Nikaziunganisha na nondo kwa fundi wa mageti, gari lipate kupanda zaidi. Zilikatikia pale zilipochomelewa. Nilijua tangu siku ile."

Spana iliacha kuzunguka. Mkereza aliiweka sakafuni.

"Nilikuwa nakuja kwenu kuomba msamaha," alisema, "na wewe unanimiminia chai."

"Ndiyo."

"Usiniambie mimi peke yangu. Twende kwa mama."

Walikwenda. Kinyozi alisema yote mbele ya mama yake na mkewe, hata habari ya choo. Mama alisikiliza mpaka mwisho, macho yake ukutani.

"Nyonga yangu nimekusamehe," alisema. "Ulitaka kuonekana, ukafanya ujinga. Lakini huyu alikuwa ananishika miguu akilia, na wewe uko nyuma ya pazia unasikia. Hilo, mwanangu, sijui nilifanye nini."

Mkewe alichukua mto wake akahamia chumba cha watoto.

Mkereza hakuuza mashine. Mama anatembea kwa kushikilia fremu ya chuma, hafiki mbali zaidi ya kibaraza. Mkewe amerudi chumbani, ingawa siku hizi akiambiwa jambo na mumewe huuliza mara ya pili. Na kinyozi, kila mteja anayeketi kwenye kiti chake, humwambia akiwa anamnyoa: boliti za shemeji yangu zilikuwa nzima, niliyeziharibu ni mimi. Wengine humwambia yameisha. Wapo walioinuka nusu ya ndevu zimenyolewa, wakaondoka. Yeye na mkereza husalimiana barabarani. Ila mkereza, mpaka leo, ananyolewa kwingine.

Funzo

Ndugu zangu, kupenda kitu kizuri si dhambi, na gari refu halijamkosea mtu. Lakini ukianza kupima maisha yako kwa kimo cha jirani, utaongeza mpaka pale ambapo walio ndani ya nyumba yako hawawezi tena kupanda nawe. Fundi akikwambia basi, ni basi. Na ukishakosea, kiri siku hiyohiyo ukiwa bado una la kuokoa. Kosa la kinyozi lilivunja nyonga moja. Ukimya wake ulikaribia kummaliza mtu asiye na hatia, tena mtu aliyempenda.