Makato ya Tarehe Tisa

Mnisamehe mapema. Hadithi ya majini inataka mtu mwenye sauti nzito, na mimi hata nikitangaza msiba watu hushika mbavu. Nitaiharibu, lakini nitaiharibu kwa moyo mmoja.

Mpiga picha mmoja alikuwa na studio ya chumba kimoja na nusu. Hiyo nusu ilikuwa choo. Kila tarehe tisa, saa nne asubuhi, simu yake ilileta ujumbe wa benki: amekatwa pesa na "Hifadhi Safi". Hakumjua huyo Hifadhi wala usafi wake. Kiasi chenyewe kilikuwa bei ya soda mbili, basi miezi mitano akakuna kichwa na kuendelea na kazi. Mwezi wa sita mkewe, aliyekuwa akipokea wateja, akauona ujumbe.

"Baba Watoto, Hifadhi Safi ni mwanamke gani?"

"Mke wangu, mwanamke gani ataridhika na soda mbili?"

"Basi mkatie malipo leo hii."

Akapiga simu benki, akaifungia kadi, akatembea kifua mbele hadi jioni.

Kesho yake droo ilinuka. Si panya aliyekufa; panya ana adabu. Ilikuwa harufu ya kidonda kilichofungiwa bandeji wiki mbili. Akaivuta. Ndani, juu ya bahasha za picha za pasipoti, kulikaa chunusi moja iliyoiva, kichwa cheupe, ikipwita peke yake.

Mchana printa ikaanza kukohoa. Ikatema karatasi iliyolowa, kisha ute wa manjano uliovutika kama gundi kutoka kwenye mashine mpaka kwenye kiatu chake, na ndani ya ule ute kulielea magaga ya vidonda, na moja kati ya hayo magaga alilijua kabisa, maana alilitoa yeye mwenyewe mdomoni mwa bwana harusi, siku ileile alipopakua programu ya kusafisha nyuso, bure kwa siku saba, gusa tu doa kwenye picha nalo linatoweka. Na kweli, wiki haikwisha kabla nyuso zenyewe za wateja hazijawa laini, wao wakisifu sabuni zao, yeye akisifu kipaji chake.

"Mume wangu," mkewe alinong'ona kutoka chooni, mbele ya kioo. "Njoo polepole. Hiki kilichoota shavuni mwangu ni cha nani?"

Ilikuwa chunjua, nene kama zabibu, yenye vinyweleo vitatu vyeupe vilivyojipinda vikitafuta hewa. Kando yake jipu lilianza kutoa jicho.

"Chunjua ni ya yule mzee mstaafu," akajibu. "Jipu nadhani ni la kinyozi."

"Nilikuwa na uso wangu! Ikifika Ijumaa hujanirudishia, naenda kwa mama yangu, na huu nitakuachia hapahapa mezani."

Akamwita mganga. Akaja mama mmoja mwenye miwani, leso puani. Hakuchoma ubani wala hakuitisha kuku.

"Ulisoma masharti ya hiyo programu?"

"Mama, nani anasoma masharti?"

"Majini wanalijua hilo. Ndiyo maana siku hizi hawahangaiki kukaa makaburini. Soma."

Akasoma kurasa arobaini na moja kwa sauti, ute ukimpanda vifundoni. Ukurasa wa thelathini na nane ulisema: vitakavyoondolewa vitahifadhiwa na Hifadhi Safi kwa ada ya kila mwezi, ada ikikoma, vitarudi kwenye nyumba iliyovituma. Alipotamka hayo, spika za kompyuta zikalamba midomo.

"Ukilipa, naweka," sauti yenye makohozi ikasema. "Usipolipa, narudisha. Mwizi hapo ni nani?"

Mganga akavua miwani. "Anasema kweli. Lipa mpaka ufe, au kila mwenye chake aje achukue chake kwa mkono wake. Kikibaki hata kimoja, jini naye amebaki."

Wakapigiwa simu wateja wote. Walikuja wakitukana. Bwana harusi alilibandika gaga lake kama stempu, macho kafumba. Kinyozi akachukua jipu kwa vidole viwili. Mzee mstaafu akaing'oa chunjua kwenye shavu la mama wa watu, ikaachia kwa mlio wa busu, akaipangusa: "Karibu nyumbani."

Ijumaa uso wa mke ulikuwa wake. Karibu wote. Nyuma ya sikio imebakia chunjua moja nyeusi ya puani, yenye jasho, ambayo kila tarehe tisa saa nne inasogea kidogo kuelekea shavuni. Sanduku lake la nguo liko mlangoni. Mwenye chunjua kapigiwa simu mara arobaini, hapokei.

Nazisikia simu zote zikilia mfukoni mwangu. Lakini jamani, pua hii ilivyosafika, juzi nimeitwa kijana.