Mlinzi wa Geti na Mwalimu wa Ngoma

Sokoni Naif, hapa Dubai, siku ya mapumziko hapapitiki. Dancan alikuwa anatafuta soksi tu, akakuta binti wa Kampala, gauni la njano limemkaa sawasawa, anagombana na mwenye duka kwa ajili ya kitambaa chekundu.

"Dada, hicho cha mapazia," Dancan akamchokoza.

"Na hiyo sura yako ni ya nini?"

Kumbe wanafanya kazi sehemu moja. Dancan ndiye mlinzi mpya wa geti kwenye shule ya sanaa kule Rashidiya, na binti huyo, Prossy, anafundisha ngoma humohumo. Kitambaa kilikuwa cha sketi za wanafunzi.

Basi, wakapendana. Simu haziishi.

"Umekula, mpenzi?" Prossy anauliza.

"Nimekuwaza wewe tu."

"Hiyo haishibishi, mjinga wewe. Kula!"

Muhula mpya ukaja na balaa. Madam mkuu alisema darasa lisilofika watoto kumi linafungwa, na mwalimu wake anarudishwa kwao. Prossy alikuwa na tisa. Akambembeleza Shihab, Mzanzibari mmoja anayenukia udi, amlete binti yake. Dancan akawaona getini wanacheka.

"Huyo nani?"

"Mzazi."

"Mzazi ndio unamchekea hivyo?"

"Dancan, huo wivu wako utakuja kuninyima kula."

Siku ya mwisho ya kuandikisha, Shihab akafika. Binti yake keshavaa viatu vya kuchezea.

"Darasa limejaa, khalas, kwisha," Dancan akasema.

"Mwalimu kaniambia ipo nafasi moja."

"Mwalimu yuko ndani. Geti ni langu. Yalla, ondoa gari."

Mtoto akaangua kilio. Dancan akasikia raha, kweli kabisa, raha. Shihab akapiga simu ya Prossy mpaka akachoka. Walimu simu wanaziacha ofisini.

Jioni Prossy akatoka, macho mekundu, simu mkononi haijawashwa bado.

"Kuna mtu alikuja kuniulizia?"

"Hakuna."

Akamwangukia kifuani. "Wamelifunga darasa langu. Narudi nyumbani."

"Usilie, malaika. Mimi nipo." Akampapasa mgongo kama mtu mwema.

Prossy akawasha simu, ikalia papo hapo, akapokea. Sauti ya Shihab ikasikika mpaka kwa Dancan: "Mwalimu, pole. Mlinzi katuambia pamejaa. Nishamwandikisha kwengine."

Prossy akajitoa kifuani taratibu. Akashika njia yake.

Wiki hiyo yote hakupokea simu za Dancan. Siku ya safari alikuja shule kuchukua vitu vyake, kavaa lile gauni la njano. Dereva wa shule akapakia begi. Dancan akasimama dirishani pa gari, kofia mkononi.

"Prossy, nisamehe. Nilikosa. Nioe... yaani, nikuoe. Nitakufuata hukohuko Kampala."

Prossy akamtazama, halafu akatabasamu vizuri, kama siku ile Naif.

"Pamejaa, Dancan. Khalas."

Dereva akapiga honi. Ikabidi Dancan afungue geti.