Mteja wa Viatu vya Pasaka

Boksi lilikuwa wazi. Verna Hudak aliliona kabla hajavua koti, liko sakafuni mbele ya kile kioo kifupi cha kujaribia viatu. Kifuniko kilikuwa kimewekwa pembeni, na karatasi laini ya ndani imefunuliwa taratibu, kama mtu anavyofunua kitambaa juu ya mkate. Viatu vilikuwamo: vya buluu, kisigino kifupi, namba saba, kwa mguu mwembamba. Aliinama akapitisha kidole ndani yake. Vilikuwa na unyevu.

"Bernadine," aliita, "jana nani alifunga huku?"

"Wewe," alijibu Bernadine, ambaye alikuwa akipanga chupa za manukato kwenye kaunta ya jirani. "Na kama umeanza kusahau, shoga, usiwaambie wakubwa. Watakubandika na wewe karatasi ya nusu bei."

Verna hakucheka. Alifuta viatu kwa leso, akavirudisha katika boksi, akalipandisha rafuni.

Duka la Ostrander lilikuwa katika wiki zake za mwisho. Zamani, katika bonde lile la Pennsylvania, hakuna mwanamke aliyekwenda misa ya Pasaka bila kiatu kipya cha Ostrander. Lakini kiwanda cha chuma kilifungwa, vijana wakahama, na waliobaki wakazoea kuagiza nguo kwa simu na kuletewa mlangoni. Ghorofa tatu za juu zilikuwa zimefungwa na ngazi ya umeme imesimama. Mabango ya manjano yalitangaza kwamba kila kitu kinauzwa, na kweli kiliuzwa: rafu, taa, sanamu za kuvalishia nguo, hata vile vigoda ambavyo wauza viatu hukalia wanapomhudumia mteja. Kwa hiyo siku hizo, Verna alipomvalisha mtu kiatu, alipiga magoti kwenye zulia.

Dada yake mkubwa, Irena, alikuwa amefariki mwezi Februari kwa ugonjwa wa sukari. Wawili hao walikuwa wameishi nyumba moja tangu wote walipofiwa na waume zao. Mwezi mmoja kabla ya kufa, Irena alikuja dukani akanunua viatu vyake vya Pasaka, vya buluu, akavihifadhi kabatini bila kuvivaa. Siku Verna alipopeleka nguo za maiti, mwenye nyumba ya mazishi alizipokea kwa upole, akamrudishia boksi la viatu.

"Viatu si lazima, mama. Upande wa chini wa jeneza hatuufungui."

Ndivyo wafanyavyo watu wa bonde. Jenezani huonekana uso, na mikono iliyoshika rozari. Miguu haionwi na mtu. Irena akazikwa na gauni lake zuri na soksi za nailoni za kahawia. Verna hakuweza kuvitazama vile viatu kabatini. Na kwa kuwa Ostrander ilipokea chochote kilichorudishwa bila kuvaliwa, mpaka siku ile tu ya tangazo la kufunga, alivirudisha. Jioni hiyohiyo mwanamke mwingine akavinunua. Sasa ilibaki jozi moja tu ya aina ile, ndiyo hiyo aliyoikuta wazi.

Siku iliyofuata aliikuta wazi tena. Siku ya tatu mvua ilinyesha tangu alfajiri na mteja hakuingia. Karibu na adhuhuri Verna alisikia karatasi laini ikichakarishwa nyuma yake, polepole. Kisha ikaja harufu ya maua ya yungiyungi, na chini ya harufu hiyo, udongo mbichi.

Aligeuka. Kioo cha viatu huegemezwa chini, nacho humwonyesha mtu kuanzia magotini kushuka, basi. Ndani ya kioo miguu miwili ilikuwa imesimama, ndani ya soksi za kahawia, visigino vimekaribiana. Mbele ya kioo, kwenye zulia, hapakuwa na kitu.

"Verna," ilisema sauti ya Irena. "Nivalishe."

Naye Verna akapiga magoti. Alichukua kijiko cha kuvalia kiatu, akanyoosha mkono wa kushoto kama alivyofanya miaka yote ya kazi yake, na kisigino kikakaa kiganjani mwake, kizito, kina baridi ya nyama iliyotoka kwenye friji. Alikiingiza katika kiatu. Akafanya na cha pili.

"Kinabana kidogo," ilisema sauti.

Irena alisema hivyo kwa kila kiatu alichojaribu maishani mwake. Verna alilia kwa furaha.

Baada ya hapo yule mteja alikuja kila siku. Verna aliacha kula chakula cha mchana ili asikose saa yake. Alikonda. Alianza kuvaa sweta mbili, kwa sababu baridi ile ilikuwa imemkaa mkononi na haikutoka hata kwa maji ya moto.

"Unaongea na nani huko?" Bernadine aliuliza siku moja, kwa sauti ya chini, akisimama mbali kidogo.

"Na mteja."

"Verna, tangu asubuhi hajaingia mtu."

"Basi rudi kwenye manukato yako. Usitazame kioo."

Bernadine akatazama. Alichukua koti lake, akavuka barabara kwenye mvua bila mwavuli, na aliporudi alikuwa na Baba Matlak, paroko wa Mtakatifu Kirilo, mzee mnene aliyehema kama amepanda kilima.

Padri aliketi kwenye benchi la wateja. Kioo kilikuwa kitupu saa hiyo, lakini harufu ilikuwapo, naye aliisikia. Bernadine alimwona akishika msalaba wake.

"Alizikwa miguu mitupu, Baba," Verna alisema. "Na viatu vyake nilivirudisha mimi. Anavitafuta."

"Mama Hudak, nusu ya watu wa makaburi ya parokia yangu wamelala na soksi tu. Kama wote wangedai viatu, duka hili lisingefungwa." Hakutabasamu. "Waliokufa katika Bwana hawahitaji viatu. Unajuaje kwamba ni Irena?"

"Sauti yake. Soksi zake. Anasema kinabana kidogo."

"Na vidole?"

Verna alikitazama kiganja chake cha kushoto. Parokia nzima ilijua kwamba Irena alikatwa vidole viwili vya mguu wa kushoto, kwa ile sukari. Padri mwenyewe alimpelekea komunyo hospitali.

"Vitano," alisema mwishowe.

"Umejua lini?"

"Siku ya kwanza. Mguu ulikuwa mkononi mwangu, Baba. Ningekosaje kujua?"

"Na ukaendelea."

"Ile sauti iliniita jina langu," Verna alisema. "Nyumbani hakuna tena wa kuniita jina langu."

Bernadine aliangalia pembeni. Baba Matlak aliongea taratibu, kama mtu anayemtoa mwenzake mwiba.

"Mwanangu, kuna kitu kimevaa huzuni yako. Nacho hakitaki viatu. Kila siku ya Kwaresima hii umekipigia magoti. Nitabariki maji, nitanyunyiza, nitasoma sala zote nilizo nazo. Lakini magoti hayo ulitoa wewe, na wewe ndiwe utakayekinyima."

"Na kama nikikosea? Kama ni yeye?"

"Kama ni yeye, yuko kwa Mungu, na hutamdhuru kwa kusimama."

Walisubiri mpaka adhuhuri ya kesho yake. Duka lilikuwa karibu tupu, kuta zikionyesha alama za rafu zilizong'olewa. Padri alisimama kushoto kwa Verna na chupa ya maji ya baraka, Bernadine kulia kwake. Karatasi ikachakarika. Miguu ikasimama kiooni.

"Verna. Nivalishe."

Alibaki amesimama.

"Verna, mguu unauma. Sakafu ina baridi. Nivalishe, mdogo wangu."

Magoti yake yalianza kukunjika yenyewe. Bernadine akamshika kwapani, na hapo ndipo vifuniko vya maboksi vilipoanza kufunguka, kimoja rafu ya chini, kingine ya juu, kisha vyote, na juu ya vichwa vyao, katika zile ghorofa zilizofungwa ambamo hamkubaki hata sanamu moja, visigino vilianza kutembea, vya mwanamke mmoja, kisha vya wengi, wakienda na kurudi kama jioni za kuamkia Pasaka wakati duka lilipojaa, na katikati ya kelele hiyo sauti ya Irena haikupanda hata kidogo, ilizidi kushuka, ikawa ile sauti ya hospitali, ya usiku wa mwisho, ikimwambia kwamba alimzika kama maskini, kwamba aliuza viatu vyake kabla udongo haujakauka, na kwamba yote hayo yangesamehewa kama angeinama mara moja tu.

"Dada yangu yuko kwa Mungu," Verna alisema. "Wewe si dada yangu. Sikupigii magoti."

Padri alinyunyiza maji. Kioo kilitiririka, na nyuma ya maji hayo ile miguu iligeuka, ikatembea bila haraka mpaka ukingo wa kioo, ikatoka. Visigino juu vikanyamaza. Harufu ikaisha. Verna aliketi kwenye benchi, na kwa mara ya kwanza tangu Februari alimlilia dada yake kama watu wanavyolilia maiti, kwa sauti, mpaka koo likakauka.

Ostrander ilifunga milango Jumamosi kuu. Siku ya Pasaka kanisa la Mtakatifu Kirilo lilijaa, wengi wakiwa na viatu vilivyoletwa na posta. Verna alikaa na Bernadine, benchi la nne. Nyimbo aliziimba zote. Mikono yake ilikuwa imepata joto.

Kengele ya mageuzo ilipolia, padri akiinua hostia, watu wote walipiga magoti, naye akapiga. Alifumba macho. Alifungua viganja vyake kumwombea Irena, na kisigino chenye baridi kikaja kikakaa ndani ya kiganja cha kushoto, taratibu, kama kilikuwa kikisubiri tu ashuke mpaka pale.

Alisimama. Kanisa zima lilikuwa chini, yeye peke yake yuko juu, mkono ameukaza kifuani.

Tangu siku hiyo Verna Hudak husali amesimama. Watu wa mabenchi ya nyuma wanadhani ni magoti ya uzee, na wengine wamemshauri dawa ya kuchua. Anawashukuru. Bernadine hupiga magoti kando yake, na kwa mkono mmoja hushika upindo wa sketi ya Verna, hauachii mpaka wote wamesimama.